Dawa Tatu, Mkono Mmoja

Ripoti ya mkemia ilikuwa fupi na haikusema kitu. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Hapakuwa na sumu ya panya. Hapakuwa na dawa ya wadudu. Chupa ya dawa ilikuwa na dawa. Kikombe kilikuwa na maji. Kijiko kilikuwa kimeoshwa. Matapishi ya mtoto yalikuwa na uji wa maziwa na mafuta ya kawaida ya chakula.

Mkuu wa kituo aliegemea mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Umepata?"

"Nimepata kwamba hakuna."

"Hakuna sumu, au hakuna mkemia? Yule bwana hata ukimpelekea bahari, atakuandikia hajaona maji."

"Amepima kila tulichompelekea."

"Basi andika sumu isiyojulikana. Yaya anapandishwa kizimbani kesho asubuhi, na mwendesha mashtaka anataka jalada leo, kabla hajafunga ofisi." Alikunywa funda moja. "Wewe ndiye uliyemkamata. Usinigeuke sasa."

Mkuu aliondoka. Inspekta alifungua jalada ukurasa wa kwanza, kama mtu aliyepoteza ufunguo anavyopekua mfuko ambao ameshaupekua.

Mtoto ni wa kike, miaka minne. Kwa jinsi asivyonyamaza, nyumbani wanamwita Chiriku. Ana koo linaloshambuliwa mara kwa mara. Mara tatu mwaka huu koo lilivimba na kutunga usaha. Mara tatu aliandikiwa dawa. Mara tatu, muda mfupi baada ya kunyweshwa, midomo ilimjaa, ngozi ikatoka mabaka mekundu, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Mara ya kwanza walisema dawa imemkataa, wakambadilishia. Mara ya pili wakasema vivyo hivyo, wakambadilishia tena, na wakampeleka kliniki ya mizio apimwe. Jibu la kliniki lilikuwa na sentensi moja: mtoto hana mzio wa chochote kilichopimwa. Mara ya tatu, kwa dawa ya tatu, alifikishwa hospitali roho ikiwa kooni. Sasa alikuwa wodini, anapumua.

Kama mwili haukatai, basi kuna mtu. Hivyo ndivyo Inspekta alivyofikiri siku ile, na hesabu ilikubali. Dawa ya kwanza ilikuwa ya maji, ya pili ya unga, ya tatu vidonge vya kusagwa. Zilitoka maduka tofauti. Kitu kimoja tu hakikubadilika: mkono uliozinywesha. Mkono wa yaya. Inspekta alikuwa ameutia pingu yeye mwenyewe.

Lakini mtu anayetilia sumu mara tatu lazima awe na sumu.

Alichukua funguo za gari.

*

Mama wa mtoto alifundisha hesabu shule ya sekondari, na jikoni kwake palikuwa kama ubao uliofutwa vizuri. Mikebe ilipangwa kwa urefu. Kila mkebe ulikuwa na jina lake.

"Mmeshapekua," alisema. "Mmepekua mpaka chini ya friji."

"Sikuja kupekua. Nionyeshe uji wa mtoto unavyopikwa."

"Uji?" Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la darasa la chini. "Unga, maziwa, chumvi kidogo. Basi."

"Siagi?"

"Hapana."

"Mafuta yoyote?"

"Afande, kwangu mtoto hali mafuta, hali sukari, hali takataka za dukani. Pipi hajui ladha yake. Hata karanga sinunui, harufu yake inanichefua. Uji ni unga na maziwa."

Inspekta aliandika neno moja: mafuta. Akalipigia mstari.

"Maziwa yana mafuta yake," mwalimu aliongeza, akiwa ameona mstari.

"Mkemia ametenga ya maziwa." Aligeuza ukurasa. "Dawa ya usiku humpa nani?"

"Mimi. Mchana yaya, jioni mimi."

"Mara zote tatu, ni nani alianza kumpa?"

Mwalimu alisita. "Mimi. Kila mara tulitoka kwa daktari jioni."

"Na hakuzidiwa."

"Hakuzidiwa! Ndilo ninalowaambia tangu mwanzo. Chupa ile ile: nikimpa mimi, salama, akimpa yule, mtoto anakata roho. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelala na nyoka ndani ya nyumba."

"Na anapokunywa kwako, anakunywa vizuri?"

Kwa mara ya kwanza mwalimu aliangalia pembeni. "Anatema. Ananitemea usoni, ananitemea kwenye blauzi. Kwa yaya ndiko anakokunywa. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa hilo, unaona? Nilikuwa najisifia kwa walimu wenzangu kwamba nimepata yaya mwenye mkono wa dawa."

Kwa hiyo dozi za mama hazikuthibitisha lolote. Hazikuwahi kumezwa. Inspekta alijaribu kuifuta kwa kidole hoja yake ya pili dhidi ya yaya, kama anayefuta jasho. Ilikuwa imeandikwa kwa wino.

"Lini mtamwachia mtoto wangu arudi nyumbani?" mwalimu aliuliza.

"Si mimi ninayemshikilia. Ni daktari."

"Daktari anasema labda kesho. Nami nimemwambia nyumba iko salama, mwovu ameshatolewa."

*

Kliniki ya mizio ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyonuka dawa ya kusafishia sakafu. Daktari wa watoto alikuwa anakula mkate kwa haraka ya mtu anayejua kwamba mlango utagongwa.

"Jibu nimeshawapa," alisema kabla Inspekta hajakaa. "Hana mzio."

"Una uhakika kiasi gani?"

"Kipimo cha ngozi ni kipimo kizuri."

"Sijauliza kama ni kizuri."

Daktari aliweka mkate chini. "Inspekta, mimi sikuulizi bunduki yako inalenga vipi."

"Ungekuwa umepigwa risasi ungeniuliza. Nipime."

"Nini?"

"Mimi. Mkononi. Kama ulivyompima mtoto, hatua kwa hatua."

Daktari alicheka, akaona kwamba anacheka peke yake, akamwita muuguzi. Sista alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alimkunja Inspekta shati, akafuta mkono kwa spiriti, akachora alama kwa kalamu, na kando ya kila alama akadondosha tone.

"Maziwa. Yai. Ngano. Karanga. Samaki. Vumbi la nyumbani," alitaja akiwa anadondosha. "Tulia. Huko polisi hata baba zima linaogopa sindano. Mwaka jana sajenti mmoja alizimia hapo hapo ulipokaa."

"Mimi ni mama zima," Inspekta alisema.

"Basi hutazimia."

Alichoma katikati ya kila tone kwa ncha ndogo, kama anayetoboa karatasi. Kisha wakasubiri. Daktari alirudia mkate wake. Inspekta aliangalia mkono. Haikupita muda, sehemu moja karibu na kiwiko ilianza kuwasha, kuwasha kweli, muwasho wa mbu kumi waliokubaliana. Kinundu cheupe kiliinuka, na kando yake ngozi ikawa nyekundu.

"Hili ni nini? Nina mzio wa nini?"

"Huna mzio," daktari alisema bila kuinua macho. "Hilo ni tone la kukipima kipimo chenyewe. Histamini. Ndicho kitu ambacho mwili humwaga wenyewe mzio ukipanda. Linavimba kwa kila binadamu. Na lile la mwisho huku chini ni maji ya chumvi, halimvimbishi mtu. Ukiona moja limevimba na moja limetulia, unajua kipimo kinafanya kazi."

"Kila binadamu."

"Kila mwenye ngozi."

"Na mtoto aliwekewa?"

"Kila mtu anawekewa."

Inspekta alimgeukia Sista. "Wewe ndiye uliyempima?"

"Mimi. Namkumbuka, hakulia hata kidogo, alikuwa ananisimulia habari za paka. Daktari aliitwa wodini kwenye dharura, nikamsomea majibu kwa simu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mkono msafi. Msafi kama sahani iliyooshwa. Hakuna kilichovimba."

"Hakuna hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Inspekta aliinua mkono wake mwenyewe na kuushikilia juu ya meza, kinundu kikiwa kati ya uso wa daktari na ule mkate. Daktari alikitazama. Kutafuna kulikoma.

"Sista," daktari alisema polepole. "Na histamini?"

"Nimesema hakuna."

"Histamini nayo haikuvimba?"

"Daktari, si nilikwambia mkono mzima ni msafi? Ukaniambia vizuri, andika hana."

Korido nzima ilikuwa na kelele za watoto. Daktari aliusukuma mkate kando.

"Sikuuliza," daktari alisema hatimaye. "Nilidhani anazungumzia vyakula."

"Na mimi nilidhani umenielewa," Sista alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nini kinaweza kuuzima mkono hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Dawa za mafua au za muwasho. Zile za kutuliza mzio. Ukimeza leo, kwa siku kadhaa ngozi haiwezi kusema ukweli. Ndiyo maana tunamwambia mzazi aziache mapema. Nilimwambia mama mtu mwenyewe, uso kwa uso."

"Ni mama mtu aliyemleta?"

Daktari alimtazama Sista. Sista akatazama mlango.

"Bibi yake," Sista alisema. "Yupo pale benchini wodini sasa hivi."

*

Bibi wa mtoto alikuwa amekalia nusu ya benchi na mfuko wake umekalia nusu nyingine. Alipomwona Inspekta, akausogeza mfuko.

"Kaa, mwanangu. Unasimama kama mlinzi wa ghala. Na huyu daktari naye kaja kufanya nini, mtoto si amelala?"

"Bibi, siku ile ya kupimwa mkono, wewe ndiye uliyemleta?"

"Nani mwingine? Mama yake ana shule, baba yake ana safari, mimi nina miguu."

"Alikuwaje siku ile?"

"Alipendeza! Nilimwogesha, nikamsuka, nikamvika gauni la bluu. Ungemwona ungesema anakwenda kuposwa."

"Alikuwa anajikuna?"

"Wiki ile yote. Ngozi yake ikishaanza, Mungu mwenyewe ashuke."

"Lakini kliniki hakujikuna."

"Sasa nimpeleke kwa daktari anajikuna kama kuku mwenye utitiri? Watu waseme mtoto huyu hana kwao?" Bibi alishusha sauti, akawa kama anayempa mpishi mwenzake siri ya mapishi. "Nilimpa ile dawa nyekundu ya muwasho. Jana yake usiku, na asubuhi nikarudia. Akatulia kama maji mtungini."

Daktari alifunga macho.

"Hukumwambia mtu?" Inspekta aliuliza.

"Nimwambie nini? Wewe mgeni akija kwako, unafagia, au unafagia halafu unamwonyesha na takataka?"

"Mama yake aliambiwa dawa hiyo isiguswe!" daktari alilipuka.

"Mama yake aliambiwa. Mimi niliambiwa tu nivae viatu, nimlete."

Inspekta alimshika daktari kiwiko, akamsogeza hadi dirishani. Kupitia kioo cha wodi walimwona Chiriku amelala chali, mikono imefunguka, hafanani na mtu aliyeshindana na kifo.

"Kipimo chako kina thamani gani sasa?"

"Hakina. Hakisemi ana mzio, hakisemi hana."

"Kirudie."

"Siwezi. Amejaa dawa hizo hizo, ndizo tulizomwokoa nazo. Na mwili uliotoka kwenye mshtuko wa mzio unahitaji wiki kadhaa kabla ngozi haijawa shahidi wa kuaminika."

"Damu?"

"Damu haidanganywi na dawa ya muwasho. Lakini maabara yenyewe haiko hapa, na kila chakula kina kipimo chake. Siwezi kuwaandikia watafute kila kitu duniani. Nipe mshukiwa."

"Hilo ni neno langu."

"Leo tunagawana."

Inspekta alitazama kioo. "Dawa za koo je? Tatu."

"Tatu zisizo na undugu hata kidogo. Mwili kuzikataa zote tatu ni jambo la nadra sana. Nilijiuliza hilo tangu zamani. Kisha kipimo kikasema hana kitu, nikaacha kujiuliza."

"Basi si dawa. Ni kitu kilichokwenda pamoja na dawa. Mama yake akimpa, anatema. Yaya akimpa, anameza. Na mkemia amekuta mafuta ya chakula kwenye tumbo la mtoto asiyelishwa mafuta."

Daktari aligeuka. "Mafuta ya nini?"

"Hakusema. Tulimwagiza atafute sumu."

"Inaweza kuwa ufuta, karanga, korosho, yai la kukaanga, samaki..." Alihesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. "Kesho nilitaka kumruhusu. Nitampa mama yake sindano ya adrenalini na nitamfundisha kuichoma pajani. Lakini sindano ni ndoo ya maji, Inspekta. Haikwambii moto unatoka chumba gani. Nikimrudisha bila jibu, namrudisha kwenye moto."

"Anayejua yuko kwangu," Inspekta alisema. "Nimemfungia."

*

Koplo wa zamu alikuwa anazungusha kishada cha funguo kidoleni. Yaya aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akivuta miguu, kwa kuwa mkanda na kamba za viatu vilikuwa kaunta. Alikaa mahali alipokaa juzi, akaweka mikono mezani kama juzi.

"Hali yako?"

"Nilimpa dawa na maji," yaya alisema.

"Sijauliza bado."

"Nilimpa dawa na maji."

Inspekta aliketi. "Sikiliza, mdogo wangu. Mkemia hajaona sumu. Daktari sasa anaamini mtoto ana mzio: mwili wake unakataa chakula fulani, chakula kizuri tu, ambacho mimi na wewe tunakula. Hakuna aliyemtilia kitu. Nataka kujua ulichompa pamoja na dawa."

"Maji."

"Alikuwa anaimezaje? Kwa mama yake anatema."

"Ananipenda."

"Dawa chungu haimezwi kwa mapenzi. Ulimpa kitu kitamu?"

"Maji."

"Kitu chenye mafuta?"

Kidole kimoja cha yaya kilisogea mezani, kikatulia. "Maji, afande."

"Nakwambia si sumu."

"Juzi uliniambia nikisema ukweli utanisaidia," yaya alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nikasema ukweli, kwamba ni mimi niliyempa dawa. Ukaandika. Ukanisomea. Nikaweka dole gumba. Kisha ukanileta huku. Leo unasema si sumu, ni chakula. Nikikwambia chakula, utaandika chakula."

Koplo alicheka mlangoni. "Afande, huyu keshahitimu."

"Toka nje," Inspekta alimwambia.

Aliuliza tena kwa njia nyingine. Aliuliza kuhusu asubuhi, kuhusu vyombo, kuhusu mahali mtoto alipokuwa ameketi. Aliuliza swali moja akianzia mwisho. Kila swali lilirudi likiwa na maji. Ulikuwa ushahidi mzuri, usiobadilika, wa aina ambayo mahakama huipenda, na haukuwa na faida kwa mtu yeyote. Ndani ya kuta hizi, chochote kilichowahi kuingia mdomoni mwa mtoto kilikuwa kitanzi. Mwenye akili asingekitaja, na yaya alikuwa na akili.

Inspekta alikwenda kwa Mkuu.

"Namtoa kwa dhamana ya polisi."

"Nani?" Mkuu aliweka kikombe chini. "Yule yule? Kesho ana kesi!"

"Hana kesi. Kesi yetu ilisimama juu ya kipimo cha kliniki. Kipimo kimekufa. Bibi alimpa mtoto dawa ya muwasho, mkono haukuweza kuvimba hata pale ulipolazimika kuvimba."

"Kwa hiyo nimwambie mwendesha mashtaka kwamba bibi kizee na chupa nyekundu wamenivunjia jalada."

"Mwambie hivyo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Na akikimbia?"

"Atakimbia na jibu. Akibaki ndani atabaki nalo vilevile. Angalau nje anaweza kulisema."

"Au asiliseme hata huko nje."

"Au asiliseme."

Mkuu aliusukuma muhuri kuelekea upande wa pili wa meza. "Utie sahihi wewe. Kalamu yangu mimi leo haina wino."

*

Yaya alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na mkoba mdogo. Alifunga viatu taratibu kwenye ngazi za kituo, akainuka, akapita getini bila kuaga. Inspekta alimfuata hadi getini na akasimama hapo. Hakumwita. Mikono yake ilikuwa mitupu. Daftari lilikuwa limebaki mezani.

Yaya alifika ukingoni mwa barabara. Magari yalipita. Palipopatikana nafasi ya kuvuka, hakuvuka. Likapita lori, ikapatikana nafasi nyingine, nayo akaiacha. Kisha akageuka na kurudi nusu ya njia, mahali ambapo mtu anaweza bado kukimbia.

"Amepona?"

"Anapumua vizuri."

"Na koo?"

"Bado lina usaha. Wanampa dawa."

"Nani anampa?"

"Wauguzi."

"Anakunywa?"

"Anatema. Leo asubuhi amemtemea Sista kifuani."

Yaya alitabasamu kabla hajajizuia. "Atawatemea wote. Hawezi kuinywa hivihivi, ile ni chungu mno. Lazima umfichie."

Inspekta hakusogea. "Unaificha wapi?"

Yaya alitazama geti, akatazama ile mikono mitupu, akatazama barabara nyuma yake.

"Si kitu kibaya, afande. Ni chakula changu mwenyewe, nakila na mkate asubuhi. Mama hataki vitu vya dukani ndani ya nyumba yake, na hicho ndicho hataki hata kunusa, kwa hiyo nakiweka kwenye begi langu chumbani. Nachota kijiko, nachimba katikati, natia dawa, nafunika juu. Anameza mwenyewe. Kijiko anakiramba."

"Chakula gani?"

"Siagi ya karanga."

Inspekta aliikumbuka chupa. Kifuniko cha bluu, ndani ya begi, chini ya nguo. Aliifungua kwa mkono wake siku ya upekuzi, akainusa, akaona ni siagi ya karanga, akaifunga na kuirudisha. Alikuwa anatafuta sumu.

"Mara zote tatu?"

"Kila akiumwa koo."

"Na akiwa mzima?"

"Simpi. Mama alikataza."

Inspekta alitoa simu. Daktari alipokea mlio wa kwanza.

"Karanga," Inspekta alimwambia. "Siagi ya karanga, kila dozi aliyomeza."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikikwaruza. "Damu inaondoka jioni hii. Mpaka majibu yarudi, hata punje isimkaribie. Mwambie na bibi. La, nitamwambia mwenyewe, yuko mbele yangu hapa." Sauti ya bibi ikasikika kwa mbali, ikiuliza karanga zimefanya nini tena.

Inspekta alikata simu. Yaya alikuwa amesikia yote.

"Karanga?"

"Itathibitishwa kwa damu. Lakini kila kitu kinaelekea huko."

"Zile zangu."

"Za mtu yeyote. Zingetoka kwa mama yake zingefanya vilevile."

"Lakini hazikutoka kwa mama yake." Yaya alikuwa anahesabu, midomo yake ilisogea. "Mara ya kwanza alipovimba, nilimwongezea kijiko, nikadhani tumbo tupu. Nikamwambia kula mwanangu, upate nguvu."

"Hukujua. Daktari hakujua. Sheria haina jina la kosa hilo."

Yaya hakuonekana kusikia. Alimalizia hatua zilizobaki, akaja hadi mbele ya Inspekta, akanyoosha mikono yote miwili, vifundo vimegusana, viganja juu, kama alivyofundishwa juzi.

"Shusha mikono," Inspekta alisema.

Hakuishusha.

Koplo alikuwa ametokea kwenye ngazi, funguo zikining'inia kidoleni. "Afande, nimrudishe?"

"Rudi kaunta." Inspekta alivishika vile vifundo viwili, akavitenganisha, akavishusha mwenyewe hadi ubavuni mwa yaya, akaviachia.

Vilipanda tena.